Nani Anawafuata Wakimbiaji Wetu Baada ya Chuo?

   

Wasikilizaji wa Kabuta, Kashikishi na Nchelenge, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, leo nina jambo la riadha. Tunapenda kushangilia mkimbiaji siku ya mashindano. Mtoto anashinda mita 400 uwanjani, akina mama wanapiga vigelegele, mwalimu anampa madaftari mawili na kalamu, tunarudi nyumbani. Baadhi ya watoto hao wanafika mbali. Wanapata nafasi ya chuo kikuu, na wachache wanaipata kwa nguvu ya miguu yao. Wanakimbilia chuo miaka mitatu, minne, wanahitimu. Swali langu la leo ni hili: baada ya hapo, nani anaendelea kuwafuata? Nani anajua kwamba fulani bado anakimbia, kwamba muda wake umeshuka, kwamba ameumia goti, kwamba sasa anafundisha wengine?

Nianze na mtu wetu wenyewe wa Zambia, Samuel Matete, mzaliwa wa Chingola, 1968. Wakubwa mnaomkumbuka mnamkumbuka kwa Tokyo 1991, aliposhinda mbio za mita 400 za viunzi na kuwa bingwa wa dunia. Wiki chache kabla ya hapo, mwezi ule ule wa Agosti, alikuwa amekimbia Zürich kwa sekunde 47.10. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Edwin Moses, 47.02. Kijana wa Chingola alibakiza sehemu 8 tu za mia ya sekunde kuifikia. Na sikilizeni hili: muda huo wa Zürich ukawa rekodi ya Afrika kwa zaidi ya miaka 30. Septemba 2025, tena Tokyo, Mnigeria Ezekiel Nathaniel alikimbia 47.11. Alibakiza sehemu moja ya mia kuufikia. Kiwango cha Matete kikasimama.

Sasa, Matete alipitia Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani. Nathaniel naye alipitia chuo cha Baylor, Texas. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo, kwa sababu ukitaka kufuatilia kazi ya wakimbiaji hawa mwaka kwa mwaka, kumbukumbu iliyo nzuri kuliko zote utaikuta vyuoni huko. Vyuo vya Marekani vina watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kuandika. Kila mbio, kila muda, kila nafasi. Wana orodha ya waliokimbia vizuri kuliko wote katika historia ya chuo, na mwanafunzi mpya anapoingia anaoneshwa: hawa ndio waliokutangulia, huu ndio muda wa kuuvunja. Mhitimu akikimbia Olimpiki miaka sita baada ya kuondoka, chuo kinatangaza kana kwamba bado anavaa fulana yao.

Wanafanya hivyo kwa faida yao pia, nalisema wazi. Jina la bingwa huvuta wanafunzi, huvuta michango ya wahitimu wenye fedha. Lakini faida hiyo haiondoi ukweli kwamba kazi imefanyika na kumbukumbu ipo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Matete alicheza ugenini, na ugenini wakamtunza kwenye vitabu vyao. Sisi wa kwao tumetunza nini? Medali tunaikumbuka. Safari yenyewe hatuna.

Niwapeleke Atlanta, mwanzoni mwa Agosti 1996, fainali ya Olimpiki. Mita 400 za viunzi ni mzunguko mmoja wa uwanja wenye viunzi 10. Kwa wanaume kila kiunzi kina kimo cha sentimita 91.4, yaani futi tatu. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Baada ya kile cha mwisho zinabaki mita 40 za kufa na kupona. Wakimbiaji wa kiwango cha Matete hupiga hatua 13 kati ya viunzi, na hesabu hiyo inakaa mwilini kwa mazoezi ya miaka. Tatizo linaanza kona ya pili. Mapaja yanajaa, hatua inafupika, zile 13 hazifiki tena. Ukipiga 14, lazima uruke kwa mguu mwingine, ule uliozoea kubaki nyuma. Ukipiga 15, umepoteza muda na wenzako wamekwenda. Uamuzi huo unafanyika ndani ya nusu ya pumzi, mtu akiwa katika kasi yake yote.

Mbele ya Matete siku ile alikuwa Mmarekani Derrick Adkins, aliyesoma Georgia Tech, chuo kilichopo katikati ya jiji hilo hilo la Atlanta. Kijiji cha wanamichezo cha Olimpiki kilikuwa ndani ya chuo hicho. Auburn na Atlanta si mbali, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Yaani fainali ile ya dunia nzima ilikuwa pia mashindano ya wahitimu wa vyuo viwili vya jirani. Adkins alimaliza kwa 47.54, Matete 47.78, Calvin Davis wa Marekani akawa wa tatu. Ikawa fedha ya kwanza ya Zambia katika historia yote ya Olimpiki, baada ya shaba ya bondia Keith Mwila mwaka 1984. Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano ya dunia kule Göteborg, wawili hao walikuwa wamemaliza kwa mpangilio ule ule, Adkins wa kwanza, Matete wa pili. Na mwaka 1992, Olimpiki ya Barcelona, Matete alikwenda akiwa bingwa wa dunia, waamuzi wakamtoa nusu fainali. Mtu aliyeifuata safari hiyo yote anaiona fedha ya Atlanta kwa uzito mwingine: ni mtu aliyerudi baada ya kuondolewa mbele ya dunia, akiwa na miaka 28.

Hebu sasa twende kaskazini, kwa Wanandi na jirani zao wa Kenya, tuone chuo kimoja kinavyoweza kushika uzi wa kizazi kizima. Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kipo Pullman, mji mdogo katikati ya vilima vya ngano, wenye theluji wakati wa baridi. Miaka ya 1970 kocha wao John Chaplin alianza kupokea vijana wa Kenya. Alikuja John Ngeno. Akaja Samson Kimobwa, ambaye mwaka 1977 mjini Helsinki alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 30.5. Akaja Henry Rono.

Rono, wasikilizaji, mwaka 1978 alifanya jambo ambalo mpaka leo watu wa riadha wakilisimulia wanapunguza sauti. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, rekodi ya dunia ya mita 5,000. Tarehe 13 Mei, Seattle, rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 11 Juni, Vienna, rekodi ya mita 10,000. Tarehe 27 Juni, Oslo, rekodi ya mita 3,000. Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, na alikuwa bado mwanafunzi, na katikati ya hayo yote alitakiwa kukimbilia chuo pointi za mashindano ya vyuo.

Angalieni uzi huo. Ile rekodi ya mita 10,000 Rono alimnyang'anya Kimobwa, mwenzake wa chuo. Ile ya viunzi na maji ilikaa miaka 11, ikavunjwa mwaka 1989 mjini Stockholm na Peter Koech, naye wa chuo hicho hicho. Julius Korir, aliyechukua dhahabu ya viunzi na maji Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, wa chuo hicho. Bernard Lagat, bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 mwaka 2007, wakati huo akikimbilia Marekani, naye alitoka Pullman. Kama humfuatilii mkimbiaji kwa chuo chake, utawaona hawa ni mabingwa watano waliotokea popote. Ukifuatilia, unaona mmoja alimfungulia mwingine mlango, na mdogo alijua muda wa mkubwa wake kwa kichwa.

Lakini Rono ananifikisha mahali pazito. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata mara moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, Zambia ikiwemo, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 Kenya ikasusia Moscow. Mwaka 1981 alivunja tena rekodi ya mita 5,000, kule Norway, halafu pombe ikamshinda. Aliyaeleza mwenyewe baadaye katika kitabu cha maisha yake, bila kuficha. Mtu aliyeshika rekodi nne alifika mahali pa kukosa makazi Marekani, akafanya kazi za kubeba mizigo uwanja wa ndege. Alijiinua, akawa kocha wa vijana New Mexico, mwishoni akarudi Kenya, na akafariki Nairobi Februari 2024, akiwa na miaka 72.

Daftari la rekodi linajua siku 81 za Rono. Ile miaka mingi iliyofuata haina safu yake humo. Ndiyo maana nasema kumfuata mkimbiaji hakuishii kwenye saa. Miguu ya mtu inatoa kasi yake yote kwa miaka kumi, ikizidi sana kumi na mitano, na mwenye miguu hiyo ana miaka arobaini mingine ya kuishi. Chuo kinachomwita kijana kwa ajili ya mbio zake kinatakiwa kimuulize, mwaka wa tano, mwaka wa kumi: uko wapi, unafanya nini, una nani? Na kijiji kilichomtoa kina haki zaidi ya kuuliza.

Yupo aliyepita njia hiyo na ikamfikisha vizuri. Suleiman Nyambui wa Tanzania, mtu wa Majita, mkoa wa Mara, mwambao wa Ziwa Viktoria. Ni mtoto wa ziwa kama watoto wa Kabuta, ndiyo maana nampenda katika habari hii. Alikwenda Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mpakani na Meksiko. Mita 10,000 za vyuo vya Marekani alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mbio za nyika alishinda 1980. Jumla ya mataji yake ya vyuo ilifika 15, na hakuna aliyempita mpaka alipokuja Mkenya Edward Cheserek wa chuo cha Oregon, aliyemaliza 2017 akiwa na 17. Katikati ya masomo hayo, tarehe 1 Agosti 1980, Nyambui alikimbia fainali ya mita 5,000 Moscow, akawa wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Fedha hiyo na ile ya Filbert Bayi ya michezo hiyo hiyo ndizo medali mbili za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka leo.

Na hakuwa peke yake El Paso. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alisoma hapo pia. Timu yao ya mbio za nyika ya mwaka 1981 ilimaliza na pointi 17. Katika mbio za nyika pointi chache ndizo ushindi, kwa kuwa unajumlisha nafasi za wakimbiaji watano, na 15 ndiyo chini kabisa inayowezekana. Baada ya chuo Nyambui alishinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988, kisha akarudi nyumbani kuwa kocha, akawa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania. Unaweza kubishana na uongozi wake au kuukubali. Alirudi, alichojifunza akakileta.

Akina dada nao wamo. Sally Kipyego, mzaliwa wa Kapsowar, alikwenda Texas Tech kusomea uuguzi. Mbio za nyika za vyuo alishinda mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008, na kwa ujumla akabeba mataji tisa. Akapata fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka 2017 akachukua uraia wa Marekani, na marathoni ya Olimpiki ya Tokyo akaikimbia kwa bendera hiyo. Wapo wanaonung'unika juu ya kubadili bendera. Mimi naona shahada yake ya uuguzi ni ushindi ambao hakuna mtu wa kumnyang'anya kwa saa. Binti anayenisikiliza sasa hivi, uliyeambiwa mbio zitakuharibia masomo, mwangalie huyu.

Je, lazima kwenda Marekani? Hapana. Ferdinand Omanyala alikuwa mwanafunzi wa kemia Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoka kwenye raga na kuanza kukimbia mita 100. Septemba 2021, hapo hapo Nairobi, alikimbia sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, na kwenye michezo hiyo hiyo Muzala Samukonga wetu akashinda mita 400. Paris 2024 Muzala akaleta shaba kwa 43.74, miaka 28 baada ya fedha ya Matete.

Hapa nina jambo la watu wa ziwa. Medali zote mbili za riadha za Zambia kwenye Olimpiki zimetoka kwenye mzunguko mmoja wa uwanja, mara moja na viunzi, mara moja bila viunzi. Ziwa letu la Mweru liko mita 920 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi si watu wa milimani, na hatuna sababu ya kuwalazimisha watoto wote wakimbie masafa marefu kama Wanandi wanaokaa mita 2,000. Mtoto aliyekua akikimbia mchangani na kuvuta kamba ya wavu ana mapaja na mgongo. Mpeni mita 400. Na viunzi anaweza kuvitengeneza fundi seremala yeyote wa Kashikishi kwa mbao nyepesi: futi tatu kwa wavulana wakubwa, futi mbili na nusu kwa wasichana, na miguu yake itokeze upande anakotokea mkimbiaji, ili kikigongwa kianguke mbele na mtoto asiumie.

Sasa watoto wetu wanaofika chuo. Wanakwenda Chuo Kikuu cha Zambia kule Lusaka, kilichofunguliwa 1966, wengine Copperbelt mjini Kitwe, wengine Mulungushi, Kabwe. Wa ng'ambo wanakwenda Lubumbashi. Wanakimbia michezo ya vyuo, wanarudi na fulana na cheti. Ukimuuliza mzazi mwanao alikimbia muda gani, anakwambia alishinda. Hilo ni jibu la furaha, lakini kocha wa nje halisomi. Kocha anataka mita ngapi, muda gani, tarehe gani, uwanja gani. Kijana mwenye kasi ya kweli akiomba ufadhili bila namba hizo, anapitwa na mwenye kasi ndogo aliyeandikiwa.

Mwezi Desemba wavuvi wanafunga nyavu mpaka mwisho wa Februari, na wanafunzi wa vyuo wanakuwa nyumbani kwa likizo. Ni wakati mzuri kuliko wote wa kuwapata vijana, kuwapanga, kuwapima. Nawaomba walimu wa michezo wa Kabuta mfanye hivi. Pimeni mita 400 kwa kamba iliyopimwa sawasawa, choreni njia kwa jivu au chokaa. Tumieni saa ya simu, ila andikeni pembeni kwamba ni saa ya mkono, na kwamba ni uwanja wa udongo, kwa sababu muda wa mkono unapendelea mkimbiaji kidogo na udongo unamrudisha. Daftari liwe gumu, likae ofisini kwa mwalimu mkuu, lisiondoke na mwalimu akihamishwa.

Na kila aliyehitimu, awe wa Lusaka, Kitwe au Lubumbashi, apewe ukurasa wake: shule aliyoanzia, chuo, mashindano, muda bora na mwaka wake. Chini ya hapo, mistari ya wazi ya kujazwa kila Desemba. Bado unakimbia? Umeajiriwa wapi? Umeumia? Unafundisha nani?

Kipindi hiki nacho kitafanya sehemu yake. Kuanzia wiki ijayo, dakika tano za mwisho zitakuwa za kusoma majina. Leteni hapa studio au kwa mwalimu wa karibu jina la mkimbiaji wa ufukwe huu aliyepitia chuo chochote, wa Zambia au wa Kongo, aliyehitimu jana au miaka thelathini iliyopita. Namba za simu msilete, wala mambo ya ndani ya nyumba ya mtu, na mwenyewe awe ameridhia kusomwa. Nataka mbio, muda, mwaka na mahali. Hata kama ni mita 800 kwa dakika mbili na sekunde kumi, uwanja wa vumbi, saa ya mkono, leteni hivyo hivyo. Tutaisoma.